Kalamu Bado Iko Mkononi Mwako

Pita Sinza, Tabata au Mbagala mchana wowote, hutakosa kukutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongezea chini yake: OGOPA MATAPELI. Tumeuzoea mno ukuta huo hata hatuusomi tena. Usome leo. Mtu hachafui ukuta wake mwenyewe bila sababu. Mara nyingi ameamka siku moja akakuta mtu asiyemfahamu yuko uani kwake na fundi, wanapima, na mtu huyo ana karatasi mkononi. Karatasi ina bei, ina majina ya mashahidi, ina muhuri. Mgeni yule ametoa akiba yake yote kwa karatasi ile, na ameisaini kwa hiari yake.

Mimi humfikiria zaidi mgeni yule. Mwenye nyumba anayo nyumba yake na ukuta wake. Mgeni amebaki na karatasi.

Nakuandikia wewe ambaye hujafika uani kwa mtu na fundi. Umekaa chumba na sebule miaka minane. Kila baada ya miezi sita unamhesabia mwenye nyumba kodi yake kwa mkupuo, na katikati unaweka hisa kwenye kikoba, unapunguza nauli, unawaambia watoto sikukuu hii hakuna nguo mpya. Sasa fedha imetimia. Umeona pagale Chanika, au nyumba ya vyumba vitatu Kivule, na dalali anakupigia simu mara nne kwa siku. Umeshahesabu madirisha, umeshachagua rangi ya pazia la sebuleni. Nataka ujue jambo jingine moja: siku utakayopewa kalamu ndiyo siku utakayokuwa na nguvu kuliko siku nyingine yoyote katika safari hii. Kabla hujasaini, muuzaji anakusubiri wewe, dalali anakusubiri wewe, mwenyekiti wa mtaa anakusubiri wewe. Ukishasaini na fedha ikishahesabiwa, utakayesubiri ni wewe. Basi usiiachie kalamu hiyo kirahisi.

Ninalolisema nimeliona. Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu aliniita Jumamosi moja niwe shahidi wake. Alikuwa ananunua nyumba ambayo haijaisha, imefika usawa wa linta. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, jua limesimama utosini, muuzaji amevaa kanzu safi, dalali anatazama saa. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Nilipewa kalamu, nikaonyeshwa mahali pa kuandika jina langu, nikaandika. Sikusoma hata mstari mmoja. Niliona haya kuwasimamisha wazee juani kwa ajili ya kusoma. Miezi mitano baadaye alikuja mama mmoja na watoto wawili kutoka mkoani. Alikuwa mke halali wa muuzaji. Nyumba ile waliijenga wote, na hakuna aliyemwuliza. Binamu yangu alipanda na kushuka ngazi za Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa miaka mitatu. Alirudishiwa sehemu ya fedha, nyumba hakuipata, na mpaka leo ni mpangaji. Saini yangu ingali kwenye karatasi ile.

Kwa hiyo naanza na haya, kabla ya vifungu vya sheria, kwa sababu haya ndiyo iliyotuponza. Sisi tumelelewa kuheshimu mkubwa. Kumwomba mzee wa watu kitambulisho, cheti cha ndoa na hati halisi tunaona ni kumwita mwizi. Tunaogopa kuonekana tunajidai. Dalali anaijua haya yetu na anaifanyia kazi: ndiyo maana kila mara yupo mnunuzi mwingine anayekuja kesho asubuhi na fedha taslimu, na ndiyo maana karatasi huletwa dakika ya mwisho, watu wakiwa wamesimama.

Lakini kuandikiana kwa ukamilifu ni sehemu ya uungwana wenyewe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Na wanaosoma Biblia watamkumbuka Yeremia, sura ya 32: alinunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mtoto wa amu yake, ndugu wa damu. Hata hivyo alipima fedha, shekeli 17, akaandika hati, akaweka mashahidi, kisha akaagiza hati hizo zitiwe ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nabii na binamu yake! Kama wao hawakuona haya, wewe na mtu uliyekutanishwa naye na dalali wiki mbili zilizopita mnaona haya ya nini?

Kama huna maneno, chukua haya. Yafanyie mazoezi nyumbani mpaka yakae mdomoni:

“Shikamoo mzee. Nyumba nimeipenda, na fedha ipo. Ila kwetu jambo kubwa halifanywi na mtu mmoja. Naomba nakala ya hati na nakala ya mkataba nikasome na ndugu zangu, tukutane Jumatano.”

Mzee mwenye nyumba yake ataitikia marahaba na kukupa nakala. Akikwambia, “Kwani mwanangu huniamini?” mjibu kwa upole uleule: “Nakuamini mzee, ndiyo maana nimefika. Karatasi hii tunawaandikia watoto, wako na wangu, siku ambayo mimi na wewe hatutakuwepo.” Akikasirika, akasema biashara imekufa, mshukuru na uondoke. Nyumba inayouzwa kwa sharti la kutosoma ni heri ikupite.

Sasa fungua macho tusome.

Cha kwanza kukitafuta kwenye mkataba wowote ni mtu. Nani anauza? Jina lililo kwenye mkataba lifanane herufi kwa herufi na jina lililo kwenye hati na kwenye kitambulisho cha NIDA. Kama hati inasema jina moja na aliyekaa mbele yako anaitwa jingine, lazima kuwe na karatasi inayoeleza kwa nini, na karatasi hiyo uione leo. Ahadi ya “ipo kwa mdogo wangu” haikusaidii. Akisema nyumba ni ya marehemu baba, mwombe barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kuwa kifungua mimba wa marehemu hakumpi mtu mamlaka ya kuuza, wala muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Na hata msimamizi akiwa na barua yake, kaa na warithi wenzake, waone nyuso zao, wasaini kuridhia. Ndugu aliyedhulumiwa fungu lake hatamfuata kaka yake kwanza. Atakuja kugonga mlangoni kwako. Akisema anauza kwa niaba ya rafiki aliye ughaibuni, taka hati ya uwakilishi iliyoandikwa kisheria, isome inamruhusu kufanya nini hasa, kisha mpigie mwenyewe simu ya video. Nguvu ya hati ya namna hiyo hufa siku anapokufa aliyeitoa.

Halafu mwulize kuhusu ndoa. Hapa nitakaa kidogo, na unajua kwa nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kutoa zawadi nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, madhali ndoa ingalipo. Haijalishi jina la nani liko kwenye hati. Ndoa ya kikristo, ya kiislamu, ya kimila, ya serikali, zote zimo. Na kama mume ana wake zaidi ya mmoja, uliza nyumba ile ni ya mama yupi. Mwenza wa muuzaji aje mwenyewe, mumtambue kwa kitambulisho na kwa majirani, asaini kwenye mkataba uleule au kwenye hati ya ridhaa itakayoambatanishwa. Muuzaji akisema hajaoa, au aliachana naye, basi aape hivyo kwa maandishi mbele ya wakili, na kama ni talaka, alete hati ya talaka. Na wewe usiishie kwenye kiapo, zunguka mtaani. Nunua maandazi kwa mama anayekaanga pale kona, msalimie, mwulize nyumba ile ya nani. Mtaa una kumbukumbu ambazo hakuna ofisi inayo.

Cha pili ni ardhi yenyewe, maana nyumba haielei hewani. Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zimejengwa juu ya msingi huo. Unachonunua wewe ni haki ya kumiliki na kutumia kwa muda na kwa masharti, pamoja na kilichojengwa juu yake. Kwa hiyo karatasi hazilingani uzito. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Barua ya toleo ni hatua ya kuelekea kwenye hati, na hati yenyewe bado haijatoka. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi na lazima ihuishwe. Kijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila, na huko Halmashauri ya Kijiji ina kauli katika kila ardhi inayobadilisha mikono. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha kwamba watu fulani waliuziana mbele ya watu fulani. Haikuhakikishii kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Hati ikiwa mezani, usitazame jina tu. Tafuta tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 inafika mwisho mwaka 2028, na anayekuuzia leo kwa bei ya mtu mwenye muda mrefu mbele yake inafaa mzungumze upya. Tafuta matumizi: makazi, biashara, au makazi na biashara. Tafuta namba ya kiwanja na kitalu, kisha nenda uwanjani na mpima ukatafute mawe ya mipaka, moja baada ya jingine, mpaka muyakute yote.

Na ufanye upekuzi. Laiti ningeweza kuliandika neno hili kwa rangi nyekundu ukutani. Upekuzi rasmi ni maombi unayopeleka kwa Msajili wa Hati, unalipa ada, unapewa majibu ya maandishi yanayokuonyesha rejista inasema nini kuhusu kiwanja hicho: nani amesajiliwa kuwa mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Hati inaweza kuwa ya kughushi, inaweza kuwa nakala ya rangi iliyochapwa vizuri huku ile halisi ikiwa imelala kwenye kabati la benki. Rejista ndiyo inayosema mwisho. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya bati za nyumba hiyohiyo. Ifanye kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba, na ikiwezekana irudie siku chache kabla ya kumalizia malipo.

Kwa eneo lisilopimwa, ambako hakuna rejista ya kukuambia lolote, kazi yako ni kubwa zaidi. Nenda idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri, uombe kuona mchoro wa eneo lile. Mwaka 2017 nyumba na maduka yalibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, kwa sababu yalikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Miongoni mwa waliobomolewa walikuwamo watu waliokaa pale miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 ilikuwa zamu ya waliojenga Bonde la Msimbazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufuko wa bahari. Futi ya fundi inatosha kukuambia kama unanunua nyumba au unanunua kifusi cha kesho. Barabara, mto, njia ya umeme mkubwa, reli, kiwanja cha shule: uliza vyote, na uliza kwa afisa mwenye ramani, usimwulize dalali.

Ukishamjua mtu na ukaijua ardhi, ndipo mkataba unapokuwa na maana. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuziana uwe wa maandishi na usainiwe. Maneno ya mdomo hayakubebi. Usome mara mbili. Mara ya kwanza usome kama mtu aliye na furaha yake, upate hadithi nzima. Mara ya pili usome kama mtu ambaye ameshagombana na muuzaji. Uliza: kama akikataa kunikabidhi funguo, mkataba huu unanisaidia vipi? Kama wapangaji waliomo ndani hawataki kutoka, nani anawatoa na lini? Kama bei inalipwa kwa awamu na awamu ya tatu nikachelewa wiki mbili, nanyang’anywa nyumba na fedha? Kama ikigundulika kuna deni la kodi ya ardhi la miaka sita, la nani? Ikigundulika hakuwa mwenye nyumba, ananirudishia nini, ndani ya siku ngapi? Kila swali ambalo karatasi haina jibu lake, liandikiwe jibu kabla ya saini. Usikubali kuambiwa “hilo tunaelewana tu”. Mkielewana, andikeni.

Mahali palipoachwa wazi, pigeni mstari. Mahali palipofutwa na kuandikwa juu yake, wote msaini pembeni. Saini au dole gumba liwe kwenye kila ukurasa, maana ukurasa wa katikati ndio unaobadilishwa. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na iwe bei ya kweli. Utaambiwa muandike ndogo ili kodi ipungue. Ukikubali, siku ya kudai urudishiwe fedha yako utadai ile ndogo. Malipo yapitie benki, akaunti yenye jina la muuzaji huyohuyo aliyeko kwenye hati. Mkoba wa noti hauna risiti, na hata mwizi aliyekuona ukitoka nao hataki mkataba.

Kodi na ushuru nitapita haraka. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, na mkataba ambao haukulipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe. Kodi inayotokana na faida ya mauzo ni ya muuzaji, lakini bila uthibitisho kwamba imelipwa uhamisho haukamiliki, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba nani analipa na lini. Bakiza sehemu ya bei mpaka risiti zionekane. Usimwonee haya mtu kwa hilo pia.

Kuna kosa jingine ambalo wengi wenye hati huangukia: wakishasaini mkataba wa mauziano na kupewa funguo, wanafanya sherehe na kuiweka hati sandukuni ikiwa bado na jina la muuzaji. Wanakaa hivyo miaka 10. Muuzaji anafariki, watoto wake wanafungua mirathi, nyumba inahesabiwa. Rafiki yangu, kwa nyumba yenye hati, mkataba ni nusu ya safari. Kuna fomu namba 29 ya kutoa taarifa ya kuhamisha, fomu namba 30 ya kuomba kibali, na fomu namba 35 ambayo ndiyo hati ya uhamisho wenyewe. Msaini siku ileile mnayosaini mkataba, wote mkiwa hai na mkiwa na mapatano mema, mbele ya wakili, na picha zenu zibandikwe. Kumtafuta muuzaji aliyehamia Kigoma baada ya miaka mitano ili asaini fomu moja ni kazi ambayo sikutakii. Fuatilia kibali, fuatilia uthamini, fuatilia kwa Msajili mpaka jina lako liingie kwenye rejista. Siku hiyo ndiyo ya kupika pilau.

Najua unachokisema moyoni: mimi sikusoma sheria, na karatasi zenyewe ni Kiingereza. Basi sikiliza. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria za nchi hii na ya mahakama zake. Kama hakimu anaandika hukumu kwa Kiswahili, wewe unaona aibu gani kuomba mkataba wa nyumba yako kwa Kiswahili? Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini lugha usiyoielewa. Omba tafsiri, soma yote, na neno lolote usilolijua liwekee alama na uliulize. Zuio ni nini? Dhamana ni nini? Ukiona anayekueleza anakasirika kuulizwa, badilisha wa kukueleza.

Na hapo pana wakili. Tafuta wako, maana wakili wa muuzaji anamlinda muuzaji, na hafanyi kosa kwa kumlinda. Jihadhari na vishoka, wale wenye brifkesi na muhuri wanaokaa nje ya majengo ya serikali. Mahakama ya Tanzania ina mfumo unaoitwa e-Wakili ambako unaweza kutafuta jina la mtu kwa simu yako na kuona kama ni wakili kweli na kama ana kibali cha kufanya kazi. Mwulize gharama mapema, mwandikishane. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na wako katika wilaya nyingi. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuelekeza. Watu wanaotoa milioni 30 kununua nyumba hushindwa kutoa laki chache za kusomewa karatasi, halafu wakatoa milioni 5 kwa kesi. Nimeona hesabu hiyo ikifanyika. Usiifanye.

Neno moja kwa akina mama na akina dada, na naomba wanaume mliooa mlisikie bila kukunja uso. Fedha mliyochanga wawili iandikwe majina mawili. Ninyi mnaouza vitenge na samaki, mnaopokea mgao wa kikoba kila Desemba na kuuweka wote kwenye tofali, hakikisheni jina lenu lipo kwenye mkataba kama wanunuzi. Wengi huandikwa mashahidi wa ununuzi wa nyumba waliyoilipia wenyewe. Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu ile ni ngao kubwa, lakini ni ngao ya kortini. Jina lililoandikwa leo litakuepusha kwenda huko. Mume mwema hapungukiwi na kitu kwa kuliandika jina la mkewe. Anawaepusha watoto wake na shangazi na baba wadogo wenye njaa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Babu zetu wengi hawakujua kusoma wala kuandika, ila walijua kuzunguka shamba na majirani wanne, kupanda mnyaa au mkonge kwenye kila pembe, na kuwataja kwa majina walioshuhudia. Walikuwa na upekuzi wao. Wewe umepita shule, una simu yenye kamera, kuna ofisi ya ardhi, Kiswahili kimeingia mahakamani. Una zana kuliko wao wote. Kilichobaki ni wewe kuthubutu kusema, “Subirini kidogo, sijamaliza kusoma.”

Sema hivyo hata kama kiti kinawaka moto. Sema hivyo hata kama mwenyekiti ana kikao kingine, hata kama dalali ameshachukua pikipiki ya kurudi, hata kama binamu yako uliyemwita kuwa shahidi anakukanyaga mguu chini ya meza umalize. Na kama wewe ndiye binamu huyo, usikanyage mguu wa mtu. Vuta karatasi, isome kwa sauti, kila mtu aliyekaa pale asikie.

Jumamosi hii usiende kusaini. Nenda ukaombe nakala, na Jumatatu asubuhi uwe kwenye ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja mkononi.